Mume wangu anataka niuze Subaru yangu tununue gari la umeme

BARUA

Kwako Shangazi,

Pokea salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mhasibu kwa kazi, nimeolewa na tumejaliwa binti mmoja aliye darasa la kwanza. Jambo ninalokuandikia wengine wataliona dogo kwa kuwa linahusu gari, lakini limetufikisha mahali ambapo mimi na mume wangu tunasemezana kwa adabu iliyopita kiasi, kama wapangaji wawili wanaogawana jiko moja.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2008. Niliiagiza kutoka Japani mwaka 2015, kabla hatujafunga ndoa, kwa akiba yangu na kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo nilioulipa peke yangu hadi shilingi ya mwisho. Ina injini ya lita mbili yenye turbo, nguvu za farasi 308, gia sita za mkono, na magurudumu yote manne huvuta. Wasiopenda magari wataniwia radhi, ila haya ndiyo ninayoombwa kuyauza, na sioni namna ya kuomba ushauri bila kuyataja.

Liliposhuka bandarini Mombasa lilikuwa na sauti laini mno, na wenzangu walinicheka. Watu hudhani kila STI hunguruma kwa ule mdundo wa kukatikakatika, kumbe STI za soko la Japani za miaka ile zilitoka kiwandani na mabomba ya moshi yaliyolingana urefu, na mabomba yakilingana mdundo huo haupatikani. Nilimpa fundi kazi ya kufunga mabomba yasiyolingana, na tangu hapo mtaa mzima hujua nimerudi kabla sijafungua lango.

Mume wangu ni fundi mitambo katika umeme wa mvuke huko Olkaria. Ni mtu mpole, hana makuu, huenda kazini kwa basi la wafanyakazi na wala hajawahi kuona haya kwa hilo. Tulipooana hakuwa na neno juu ya gari. Wakati mmoja injini ilianza kugonga usiku nikitoka Eldoret, karibu na Mau Summit. Beringi za konrodi zilikuwa zimekwisha. Alikodi gari la kuvuta akaja kunichukua, na injini ilipofunguliwa alilipa zaidi ya nusu ya gharama bila mimi kumwomba. Kwa hiyo siwezi kusema ni mtu anayelichukia.

Lakini tangu mwaka jana wimbo ni mmoja: tuliuze tununue gari la umeme. Ananiambia kwamba tunaishi juu ya mvuke wa Bonde la Ufa, kwamba takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na vyanzo jadidifu, halafu mimi naenda kituoni kununua petroli ya daraja la juu iliyosafiri baharini. Ananikumbusha kwamba Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2024 kuingiza nchini magari ya petroli na dizeli, na kwamba Ulaya imeweka mwaka 2035 kama ukingo wa magari mapya ya mafuta. Anasema nikichelewa nitabaki na chuma cha kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mimi nami nina hoja yangu. Subaru iliacha kuunda STI yenye injini hii kwa soko la Japani mwishoni mwa mwaka 2019, na Machi 2022 ikatangaza kwamba haitaunda STI ya petroli juu ya umbo la WRX mpya. Sheria yetu nayo hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Maana yake ni kwamba nikiliuza leo, siwezi kuagiza jingine la umri wa hili kesho hata nikiwa na fedha. Hili si kama kuuza Toyota Vitz.

Sasa amejitokeza mfanyabiashara kijana wa Eldoret ambaye ametoa shilingi milioni 2.3 na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mume wangu ameshapiga hesabu: tuagize Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani, na kitakachobaki kiende kwenye nyumba yetu ya Njoro, ambayo imekwama kwenye linta. Kwa sasa tunaishi katika nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili.

Wenzangu wa Jumapili, ambao huwa tunakutana asubuhi kwenye kituo cha mafuta na kwenda hadi Naivasha kunywa chai na kurudi, wamegawanyika. Mmoja anasema nikiuza nimekwisha, kwa kuwa bei ya magari haya itapanda kadiri yanavyoadimika. Mwingine aliuza lake akanunua gari mseto, lenye injini ya petroli na mota ya umeme, anasema hajuti, lakini kila Jumapili yupo palepale kituoni akitufungulia boneti. Mama mkwe naye amekuwa akisema tangu zamani kwamba hilo ni gari la vijana wa kiume na kwamba mama wa mtoto hapaswi kusikika kabla ya kuonekana.

Nimejaribu kuwa muungwana. Niliendesha gari la umeme la mwenzangu wa ofisini. Liliondoka kwa kasi iliyonishtua, nami nikakasirika, kwa sababu halikuniomba kitu chochote. Hapakuwa na klachi, hapakuwa na gia ya kuichagua kabla ya kona, hapakuwa na kusikiliza. Nilikanyaga, likaenda. Kwa mwanamke anayeshinda mchana mzima akijibu watu, kile kipande cha njia ambapo mkono, mguu na sikio vinafanya kazi moja ndicho kitu pekee kilichobaki kuwa changu.

Niongeze jambo moja ili usije ukaniuliza: mdogo wa mume wangu alifariki katika ajali pale Salgaa, kabla hatujafahamiana. Hilo halihusiani na suala hili, kwa kuwa alikuwa abiria katika matatu.

Nisaidie kufikiri, Shangazi. Gari ni langu na hati ya umiliki ina jina langu. Lakini sitaki kushinda kesi nikapoteza nyumba.

Mwenye Ufunguo, Nakuru


JIBU LA SHANGAZI

Mwanangu Mwenye Ufunguo,

Nianze kwa kuirudisha barua yako kwa maneno yangu, nawe utaona kama nimekuelewa. Una gari ulilolihangaikia kabla ya ndoa, ambalo haliundwi tena na haliwezi kuagizwa tena, na ambalo hukupa nafasi usiyoipata kwingineko. Una mume mwema anayekuambia kwamba wakati wa gari hilo unakwisha, na kwamba fedha zilizomo ndani yake zingefaa kwingine. Na una mnunuzi aliyewawekea nyote wawili kisu shingoni kwa kutaja mwisho wa mwezi. Unaniuliza uuze au ukatae, na chini ya swali hilo unaniuliza kama unaweza kukikataa kitu bila kumkataa mtu.

Sitakuambia kwamba ni chuma tu. Mimi nililelewa katika nyanda za juu, miaka ambayo Pasaka ilikuwa ni Safari Rally kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Nakumbuka Patrick Njiru alivyomaliza wa nne mwaka 1994 akiwa na Impreza, na mwaka 1997 Colin McRae akashinda kwa Impreza, na baada ya hapo kila kijana aliyepata mshahara alitaka gari la buluu lenye rimu za dhahabu. Kuhusu mama mkwe wako, mheshimu, lakini ukipata wasaa mwambie kwamba Michèle Mouton, dereva mwanamke kutoka Ufaransa, alimaliza wa tatu katika Safari ya mwaka 1983, katikati ya wanaume, na alisikika kutoka mbali kabla ya kuonekana. Hayo yanatosha juu ya vijana wa kiume.

Tuiangalie hoja ya wakati, kwa sababu ndiyo inayowasukuma nyote wawili. Mume wako anasema petroli inakwisha, wewe unasema STI imekwisha, na kila mmoja anaitumia tarehe kumharakisha mwenzake. Nina shaka kama tarehe hizo zina nguvu mnazozipa. Ethiopia ilizuia uingizaji. Haikuwafuata watu majumbani kuchukua magari waliyokuwa nayo. Ukingo wa Ulaya unahusu magari mapya yanayouzwa huko, na mjadala juu yake bado haujatulia. Japani, ambako magari yetu mengi hutoka, ililenga kwamba ifikapo mwaka 2035 magari mapya yote yawe ya umeme au yenye msaada wa umeme, na katika hesabu hiyo magari mseto yamo. Hata wale wanaopita mlangoni kwenu wametanguliza mguu wakaurudisha: magari makubwa ya ubingwa wa dunia wa rally yaliyokimbia Naivasha kuanzia 2022 hadi 2024 yalikuwa na mota ya umeme pamoja na injini, na kuanzia msimu wa 2025 mota hiyo ikaondolewa, ikabaki injini peke yake. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba anaijua ratiba ya mabadiliko haya, huwa namwomba aniuzie na tiketi ya bahati nasibu.

Hata hivyo, simpuuzi mume wako. Mtu anayeamka kila siku kwenda kuutoa umeme ardhini ana haki ya kuuliza kwa nini nyumbani kwake panachomwa petroli, na mwelekeo anaouona ni wa kweli ingawa kasi yake haijulikani. Na Ethiopia imetuonyesha kwamba serikali ikiamua, haisubiri wapenzi wa magari wamalize kunywa chai yao Naivasha.

Hoja yako nayo niipekue kidogo. Ni kweli kwamba ukiuza hutapata nyingine ya umri huo kwa njia ya bandari. Zitakazokuwepo ni zile zilizokwisha kuingia nchini, na hizo hupungua kila mwaka. Lakini kitu kuadimika hakumaanishi kwamba bei yake itapanda. Wakusanyaji wa magari, hapa na kwingineko, hulipia zaidi gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, lenye kumbukumbu za matengenezo, na hasa yale ya toleo maalumu. Subaru yenyewe ilipoiaga injini ya EJ20, yaani aina hii iliyo katika gari lako, iliunda magari 555 tu ya kuagia. Lako limebadilishwa mabomba na injini yake imewahi kufunguliwa. Je, mabomba ya asili bado unayo, yamefungwa kwenye gunia mahali fulani, au yalibaki gerejini? Una karatasi za kazi iliyofanywa kwenye injini? Nakuuliza kwa sababu rafiki anayekuambia ulisubiri lipande bei anazungumzia gari fulani kichwani mwake, na inafaa ujue kama gari hilo ni lako. Tena ukumbuke kwamba kampuni nyingi za bima husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huo, kwa hiyo akiba hiyo unayoihesabu inaweza kwenda na maji siku moja ya mvua kwenye kona.

Sasa niingie mahali ambapo huenda utaninunia. Umeandika kwamba gari la umeme halikukuomba kitu, na nimeipenda sentensi hiyo, kwa kuwa inasema kwa ufupi kile ambacho wapenzi wengi wa magari hukizungukia kwa maneno mengi. Watengenezaji wamelisikia lalamiko hilo. Hyundai walipotoa gari lao la umeme la Ioniq 5 N mwaka 2023 waliiwekea mfumo unaoigiza gia, unaokata nguvu kidogo kila unapobadilisha, pamoja na spika zinazotoa sauti ya injini isiyokuwepo. Wapo waliocheka wakasema ni mchezo wa kuigiza, na wapo waliokuja kucheka wakaondoka wakitabasamu. Nadhani wewe ungekuwa miongoni mwa waliocheka. Lakini, mwanangu, ule mdundo unaoujulisha mtaa kwamba umerudi nao hukuupata kiwandani. Uliununua kwa fundi. Wahandisi wa Japani walikupa mabomba yaliyolingana kwa sababu yalikuwa bora kwa turbo, nawe ukayatoa kwa sababu uliitaka sauti. Sisemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa, kwa kuwa sauti yako inatokana na moto halisi unaowaka ndani ya silinda halisi. Nasema tu kwamba penzi lako halifungamani na hali ya asili kama unavyodhani, na huenda unachokipenda ni ile kazi ya mkono na mguu kuliko kinachochomwa ndani.

Jambo hilo lina uzito kwa sababu linabadilisha orodha ya vitu unavyoweza kuvipoteza. Kama ni kazi ya mkono na mguu, basi gari dogo la gia za mkono lisilo na sifa yoyote linaweza kukupa sehemu ya hayo kwa gharama ndogo, na si lazima liwe STI. Kama ni kasi ya kupanda mlima, nakuonya kwamba umeme utakuaibisha: huko kwenu juu ambako hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo hutweta, mota ya umeme haipungukiwi na kitu, kwa kuwa haihitaji hewa. Kama ni wepesi kwenye kona, hapo Subaru yako yenye takriban kilo 1,480 ina la kusema mbele ya Ioniq hiyo inayozidi tani mbili kwa sababu ya betri. Na kama ni ile nafasi ya kuwa peke yako bila mtu kukuuliza kitu, hapo sidhani kama tunazungumzia magari tena.

Kuhusu Leaf yenyewe, kuna mambo ambayo sijui kama mume wako ameyaweka kwenye hesabu yake. Ni gari zuri la mjini, lakini betri yake haina mfumo wa kuipoza kwa maji kama yalivyo magari mengi ya umeme ya sasa, na uchakavu wake huonekana kwenye dashibodi kwa vipau vidogo vinavyoanzia 12 na kupungua kimoja kimoja. Anayeagiza kutoka Japani bila kuiona picha ya vipau hivyo ameagiza kwa kufumba macho. Tundu lake la kuchaji kwa haraka ni la mtindo wa CHAdeMO, ambao watengenezaji wengi wanauacha, kwa hiyo ni vyema kujua ni vituo gani vya barabara ya Nairobi vinaupokea. Na ukiichomeka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, ile yenye betri ya kilowati-saa 40 huchukua zaidi ya nusu siku kujaa. Umeniambia mnaishi ghorofa ya pili katika nyumba ya kupanga. Waya utateremshwa kupitia dirishani? Mwenye nyumba amekubali? Mita ni ya nani?

Kuna swali jingine ambalo limenishangaza kwamba halimo katika barua. Mume wako huenda Olkaria kwa basi la kazini. Basi hilo halijaacha kuja. Ni nani basi atakayeiendesha hiyo Leaf kila siku? Kama ni wewe, mume wako hanunui gari lake, anakubadilishia lako. Sisemi kwamba ana nia mbaya. Nadhani inabidi tuulize anachokitafuta, maana kama ni fedha za nyumba, njia fupi ingekuwa kuuza na kuezeka bila kununua gari lolote, na kama ni umeme kwa ajili ya umeme, angesubiri nyumba ya Njoro ikamilike muwe na pa kuchaji. Yeye anataka yote yafanyike sasa.

Hapa ndipo narudi kwenye mistari yako ya mwisho. Uliandika kwamba shemeji yako alifariki pale Salgaa, ukaongeza kwamba hilo halihusiani. Nimeisoma ramani ya barua yako. Usiku ule injini ilipogonga, ulikuwa unatoka Eldoret na ulikuwa karibu na Mau Summit. Ili akufikie kutoka Nakuru, mume wako alipita Salgaa usiku, akiwa ndani ya gari la kuvuta, akijua tu kwamba STI imezimika na mke wake yuko kando ya barabara hiyo pamoja na malori. Kisha mkarudi pamoja kwa njia hiyohiyo. Kisha akalipa zaidi ya nusu ya gharama bila kuombwa. Sijakutana naye na siwezi kuusoma moyo wake kutoka hapa nilipo, na inawezekana kabisa kwamba nakosea. Lakini wapo wanaume wengi ambao wataweza kukuzungumzia Ethiopia, Ulaya na mvuke wa Bonde la Ufa kwa mwaka mzima kuliko kusema mara moja, «Naogopa.» Sentensi hiyo hawakufundishwa. Na mwanamke anayejibizana na hoja ya Ethiopia, hata akishinda, atakuwa ameshinda hoja ambayo haikuwa yenyewe.

Vilevile naona upande wako. Inawezekana kwamba kila anaposema «tuuze gari», wewe husikia «rudi kuwa mama wa mtoto», kwa sauti ya mama mkwe. Kama ni hivyo, nawe umekuwa ukimjibu mtu ambaye hakusema hivyo. Hebu jaribu kukumbuka kama yeye mwenyewe amewahi kulisema.

Uliniambia hati ya umiliki ina jina lako, na hilo ni kweli na halina mjadala. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 haikihesabu kitu ulichokipata kabla ya ndoa kuwa mali ya pamoja. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba mwenzi akichangia kukiboresha kitu cha namna hiyo, hupata maslahi ndani yake kwa kadiri ya mchango wake, na wanasheria wanaweza kukaa asubuhi nzima wakibishana kama kuifunga upya injini ni kuboresha au ni kutengeneza tu. Silitaji hili ili kukutisha. Nalitaja kwa sababu neno «langu» limejitokeza sana katika barua yako, na kuna moyo wa injini hiyo aliouweka mtu mwingine. Umejiita Mwenye Ufunguo. Hujaniambia kama yeye amewahi kuushika. Je, umewahi kumpa kiti cha dereva, Jumapili moja isiyo na haraka, wewe ukae kushoto umwelekeze lini akanyage klachi? Wapo wanaogundua hapo kwamba hawapendi na hawatapenda kamwe, na hilo nalo ni jibu. Wapo wanaogundua kwamba walikuwa wanaogopa kitu wasichokijua.

Tuzungumze juu ya njia zilizo mbele yenu, nawe uzipime mwenyewe, kwa maana kila moja ina mwiba wake. Ukiuza kwa kijana wa Eldoret utapata fedha taslimu na nyumba itasogea, lakini ujiandae kuiona Subaru yako siku moja ikipita imepakwa rangi usiyoipenda, na ujiulize kama utaweza kuipisha bila kumlaumu mume wako kwa miaka mingi. Lawama ya kimya hula ndoa kuliko ugomvi. Ukikataa kabisa, gari litabaki, lakini litabaki likiwa limebeba kila shilingi ambayo haikuezeka Njoro, na kila beringi itakayokwisha itakuwa ushahidi dhidi yako. Mnaweza kulibakiza kwa masharti, kwamba liwe la Jumapili, lisiende barabara ya Eldoret usiku, na matumizi yake yasizidi kiwango mlichokubaliana, huku nyumba ikijengwa kutoka mfuko mwingine na suala la umeme likingoja muwe na ukuta wenu wenyewe. Njia hii inavutia, na ndiyo sababu naitilia shaka kidogo: masharti hayo hulegea taratibu, na gari la kuegeshwa nalo huharibika, matairi hukauka, betri hufa, sili huanza kuvuja. Pia unaweza kumuuzia mmoja wa wenzako wa Jumapili kwa bei ya chini kidogo, kwa makubaliano kwamba akitaka kuuza akuulize wewe kwanza. Mwaminifu ataishika ahadi hiyo. Lakini ahadi kati ya marafiki juu ya gari zimevunja urafiki mwingi, na ukichagua njia hiyo yaandikeni.

Kabla ya lolote kati ya hayo, ningependa mkae na karatasi moja. Muandike juu yake bei kamili ya Leaf ikiwa imeshuka bandarini na kulipiwa ushuru, bei ya kuezeka, na gharama halisi ya Subaru kwa mwaka, mafuta na vipuri na bima, bila wewe kuipunguza na bila yeye kuiongeza. Wewe ni mhasibu. Acha kalamu ishikwe na yeye. Huenda mkagundua kwamba milioni 2.3 haitoshi kununua gari na kuezeka nyumba, na kwamba mmekuwa mkigombania mpango ambao haupo. Na baada ya kuiweka karatasi hiyo pembeni, muulize juu ya mdogo wake. Jina lake lilikuwa nani, alikuwa anatoka wapi siku ile, nani aliyempigia simu mume wako. Usilitaje gari. Kama lina uhusiano na hayo, atalitaja mwenyewe.

Ama huyo mnunuzi, mwandikie ujumbe leo kwamba jibu halitakuwa tayari kufikia mwisho wa mwezi, na umshukuru kwa bei yake. Akikubali kungoja, mmepata nafasi ya kupumua. Akikataa, basi kumbuka kwamba hoja yako mwenyewe ya uadimifu inafanya kazi pande zote mbili: gari ambalo haliwezi kuagizwa tena halikosi mtu mwingine wa kuliulizia.

Shangazi